Kahawa na Lijamu Yake

Jumatatu, 4 Agosti
Nimenywesha Kahawa maji, nimepangusa gari. Kahawa ni farasi wa Mama Naisiae, na gari ni lile jeupe la kuvutwa na farasi, analokodisha kwa harusi hapa Kitengela. Jumamosi litabeba Wanjiku, mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea mimi. Dereva ni mimi pia. Nani mwingine? Miaka ishirini niko na punda. Mmoja aliwahi kuvuta lori la mawe kutoka Kajiado, nusu ya njia akiwa amelala.

Mama Naisiae alinisomea sheria tena. Lijamu, ile ngozi ya kichwa iko na vifuniko vya macho, farasi anavalishwa kabla ya kufungwa kwa gari. Kufungua, gari litoke kwanza, lijamu mwisho kabisa. Nikamwambia, "Mama, mimi nilizaliwa nikishika kamba."

"Pole kwa mama yako," akasema.

Huyo mama ana mdomo.

Jumatano, 6 Agosti
Naandika vibaya.

Leo mazoezi. Kanisani na kurudi, safi. Mama Naisiae alikuwa ameenda dukani. Wanjiku alibaki amekaa kwa gari, anajipiga picha. Kahawa jasho tupu. Nikamhurumia. Punda wangu huwa nawatoa vitu vya kichwa kwanza, wanywe. Nikatoa lijamu. Gari bado limefungwa.

Akageuza kichwa. Akaona magurudumu nyuma yake. Yale macho! Akatoka mbio. Mimi nimebaki na lijamu mkononi kama mtu ameshika kofia kanisani.

Gari liligonga nguzo ya geti. Wanjiku akarushwa nje. Mkono umevunjika. Mkono tu. Nguzo ilikuwa karibu na kichwa chake hivi.

Mama Naisiae aliporudi akauliza nini imefanyika. Mdomo wangu ukasema fisi. Fisi wa mchana, mkubwa kama ndama. Lijamu nikasema imechomoka yenyewe. Halafu nikaongeza kwamba hata bila fisi huyu farasi ni mwendawazimu.

Kwa nini niliongeza?

Alhamisi, 7 Agosti
Kahawa hafanyi harusi tena. Kesho anakuja mtu wa machimbo ya Tuala kumchukua, akavute mawe. Mama Naisiae anasema farasi wa kushtuka hivyo ataua mtu. Amemlea tangu mdogo. Alisema akiangalia ukuta.

Wanjiku ananitetea, plasta hadi kiwiko. "Anko hana makosa." Hakuona kitu, alikuwa kwa simu.

Sikula. Naogopa.

Ijumaa, 8 Agosti
Mtu wa Tuala alikuja na kamba yake. Kahawa akamfuata pole pole, ametulia kama ng'ombe wa maziwa. Walipofika getini nikasema. Hakuna fisi. Nilitoa lijamu kwanza.

Mama Naisiae hakunitukana. Ningependa anitukane. Alienda akafungua ile kamba mwenyewe.

Wanjiku aliniangalia sana. "Anko, na ile ya punda na lori?"

Nikasema hakukuwa na lori.

Jumamosi, 9 Agosti
Wanjiku ameolewa. Alienda kanisani kwa teksi. Alitaka nimwingize mimi, nikamshika ule mkono mzima.

Wageni waliniuliza huu mwingine ulivunjwa na nini. Nilisema ni mimi. Wakacheka, wakavuta viti karibu, wakangoja niendelee na hadithi.

Nikala wali wangu.