Mizani ya Pili

Jumatano, 3 Septemba 2025

Tumefungiwa ukumbini siku nzima tufundishwe kufikiri. Ndiyo, kufikiri. Miaka yote hii napokea magunia ya chai hapa Miritini, kumbe nilikuwa sifikiri. Mwalimu katoka Nairobi, anaitwa Lenox. Anataka tuwaze kwa kina, tuwe na mikakati, tuache kuwa watu wa “ndiyo bosi”. Nyuma kaketi Bwana Clifford, meneja wetu, anaitikia kwa kichwa — yeye anayetufokea tukiuliza saa ya chakula.

Chai ya mapumziko ilikuwa maji matupu. Kwenye ghala la chai!

Alhamisi, 4 Septemba

Swali la leo: chagua kazi moja ya kila siku. Ikiondoka, nini kitaharibika?

Nikainua mkono mimi, kimbelembele changu. Nikasema magunia nayapima langoni, kisha yanapimwa tena mlangoni pa chumba cha kuchanganyia, hatua chache tu. Mizani ya pili ikiondoka, hakuna kitakachoharibika.

Lenox akapiga makofi. “Wasee, mmeskia? Huyu anafikiria!” Bwana Clifford akaandika kitu kwenye simu yake. Nikapewa kikombe chenye nembo ya kampuni. Nilifurahi, siwezi kujidanganya. Hakuna aliyewahi kunipigia makofi pale.

Mizani ya pili ni ya Nyamvula. Hakuwepo ukumbini, ilibidi mtu abaki na magunia. Jioni tulirudi pamoja kwa miguu, nikamwonyesha kikombe. Akanifurahia.

Jumanne, 16 Septemba

Nyamvula ameachishwa kazi. Barua asubuhi, adhuhuri yuko nje ya geti. Mizani yake imefunikwa turubai.

Bwana Clifford kasema kampuni inatekeleza mawazo ya wafanyakazi wenyewe. Wafanyakazi wenyewe — na jicho kwangu.

Na ni Nyamvula aliyeniombea kazi hii, nilipotoka Kaloleni sina mbele wala nyuma. Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu umeponza kichwa cha mwenzangu.

Jumapili, 21 Septemba

Nimekwenda kwake baada ya kanisa. Shikamoo, marahaba, karibu kiti. Heshima ile ile ya siku zote. Afadhali angenitukana.

Akaniuliza taratibu kama nilimtaja jina. Nikasema sikumtaja, nilitaja mizani tu.

“Na mizani ile ilikuwa na nani, Kache?”

Akanipakulia wali. Nikala, maana kukataa kungekuwa tusi la pili.

Jumatano, 24 Septemba

Nimepewa cheo. Kiongozi wa Mawazo. Mshahara ule ule. Kazi yangu sasa ni kupita kila idara na swali la Lenox.

Nikiingia mahali kila mtu anajitia shughuli. Dancun wa foklifti alificha kigoda chake aliponiona, nisije nikakiulizia kazi yake. Zamani ningecheka.

Nilitaka kukataa. Bwana Clifford alipouliza kama niko tayari, nikasema ndiyo bosi.

Jumatatu, 29 Septemba

Naandika haya chooni. Nimeomba dakika tano.

Leo ni kikao cha ghala zima. Lenox karudi. Nikasimama mbele kuuliza swali langu, na kabla sijalimaliza, Felix, mpakiaji, akainua mkono. Hakupandisha sauti. Akasema tuanze na kazi ya Kache. “Chai imepimwa kiwandani huko bara. Lori limepimwa njiani, Mariakani. Yeye pale langoni anapima nini tena? Ikiondoka hiyo, nini kitaharibika?”

Hakuna aliyecheka. Lenox akasema hilo ndilo swali, akafungua kalamu ubaoni. Bwana Clifford akatoa simu.

Jibu ninalo. Limenijia hapa hapa, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mtu akipima peke yake, awe kiwandani au langoni, nani atajua amekosea? Nani atajua amehongwa? Anahitajika wa pili wa kumwangalia. Ni jibu zuri. Lenox atapiga makofi.

Ila ni jibu lile lile la kuitetea mizani ya Nyamvula. Lilikuwepo siku ile, nami nikasema hakuna kitakachoharibika. Nikilisema sasa, ghala zima litajua nililikumbuka zamu yangu ilipofika. Nisipolisema, kesho turubai jingine.

Dancun anagonga mlango. Anasema wananingoja, na Bwana Clifford anauliza kama bado nafikiri.