Sarafu Iliyonusurika Moto

Jumanne.

Kwa nini sikunong'ona? Duka lilikuwa na wateja tele, nami nikapaza sauti kama mpiga mnada.

Mama Neema wa kijiji cha Mofu alileta sarafu ya dhahabu aliyoachiwa na bibi yake, iyeyushwe iwe hereni za harusi ya binti yake. Mzee Salimu, sonara wetu, alikwisha kuwasha moto. Niliitazama. Nyembamba, ukingo haukulingana, mfalme amesimama ndani ya meli na upanga mkononi. Picha yake niliiona chuoni: Waingereza wa kale waligonga sarafu hizo kwa nyundo, moja moja.

"Mzee, usiyeyushe! Thamani yake inazidi dhahabu yenyewe!"

"We karani, umekuwa sonara lini?" Lakini alizima moto.

Mama Neema aliifunga kwenye pindo la khanga, akaenda kupanda gari peke yake. Vijana wawili waliokuwa mlangoni wakamfuata. Sikuweza kula. Nilitaka kuokoa kitu cha kale, nikasahau aliyekibeba.

Jioni nilimpigia. "Shikamoo mama. Umefika?"

"Marahaba. Nimefika, nayo ninayo. Wale vijana tulipanda gari moja, wakaniuliza maswali weee!"

"Ukawajibu nini?"

"Niliwaambia nimekuachia wewe uitunze, maana ndiwe unayeijua." Akacheka. "Nisamehe, mwanangu."

Nimemsamehe. Nimefurahi kweli kwamba yuko salama. Kisha nimesukuma kabati mpaka mlangoni.