Kiti Kifungwe Wapi

Nyumbani kwa wazazi,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu za hawa uliowaacha huku. Hujambo? Na kifua je? Leo asubuhi kwenye simu ulikohoa, ukasema ni vumbi. Vumbi gani linalokohoza mtu miezi miwili? Mama hakumaliza chai yake, akawa anauliza kama huko mnauziwa asali. Nenda hospitali, mdogo wangu, na uvae soksi. Hao mabosi wako waambie si lifti peke yake zinazoharibika, hata fundi wake huharibika.

Sisi tu wazima, ila uchovu. Wiki hii hoteli ilijaa watu wa mikutano, na mashuka ya watu wa mikutano hayana mwisho. Nimepiga pasi mpaka miguu imevimba, viatu havipandi, naenda kazini na kandambili. Leo ni siku yangu ya kupumzika. Badala ya kulala nimekaa meza ya jikoni nakuandikia, kwa sababu lipo jambo ambalo siwezi kukuambia kwenye simu. Unajua simu ya nyumba hii, Mama anaiweka sauti ya juu na wote tunakujibu kwa pamoja kama kwaya.

Jambo lenyewe ni kigari.

Usishtuke. Hakijaua mtu wala hakijaibwa. Kipo hapo nje kinang'aa, maana Baba anakifuta kila asubuhi hata kama hakiendi popote. Ninalotaka kukuambia ni kwamba siku kilipofika, ulipouliza kama kinatutosha, tukapiga kelele kwamba kinatutosha kabisa, tulikudanganya. Hatukukusudia ubaya. Mtu amejinyima ugenini, amewaletea wazazi wake gari, nani atafungua kinywa aseme haliingiliki? Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, na mpaka leo hakuna aliyeanza.

Baba ni mrefu, ndugu yangu. Najua unajua, lakini nahisi umbali umekusahaulisha kidogo. Wenzake wa malori hawakumwita Mlingoti bure. Umri wake wote alikaa juu huko, akiangalia watu utosini, halafu wewe ukamletea gari la milango miwili la kukaa karibu na lami. Mimi nalijua gari hilo tangu picha yake ilipokuwa ukutani juu ya kitanda chako, na mtu asiiguse. Ulinunua ulichokitamani wewe, na wewe wa kimo cha kati kingekukaa vizuri. Sikulaumu. Kutoa ni moyo.

Lakini ungemwona anavyoingia! Anatanguliza mguu, anafuatisha makalio, kisha anabaki ameinama hapo nje akifikiri kichwa akipitishe wapi. Akishaketi, magoti yanaukumbatia usukani, na akikata kona goti linauzuia mkono. Utosi wake umekisugua kitambaa cha dari mpaka pameingia alama. Pedali nazo zimebanana hivi kwamba kwa kile kiatu chake, akikanyaga breki amekanyaga na mafuta. Kwa hiyo anavua viatu, anaviweka kiti cha nyuma, anaendesha pekupeku. Baya kuliko yote, ukingo wa juu wa kioo cha mbele unamkata usawa wa macho. Taa za barabarani hazioni. Mama ndiye aliyekuwa anakaa pembeni akimsomea: "Nyekundu, mzee. Bado. Tulia, bado. Haya kijani, nenda." Watu wa magari ya jirani walidhani wanabembelezana.

Upande wa pili yuko Mama na ufupi wake, na hili nalo hukuelezwa sawasawa. Tangu macho yake yalipokataa kutunga uzi ameiacha cherehani, na siku moja akatutangazia kwamba anataka leseni. Tulicheka. Baba alicheka kupita wote, akamwambia, "Kisoda wangu, wewe tukutafutie gari la kuchezea." Yeye alikuwa ameshayavulia maji nguo, akayaoga. Akafaulu mtihani mara ya kwanza, na mimi mwanaye ulinishinda.

Hakutaka leseni kwa mapambo. Mama Mkubwa tangu apooze hatoki kitandani, na kwake unakujua, basi linakushusha mbali kisha kuna kile kilima. Hakubali kuogeshwa na mtu mwingine ila mdogo wake. Mama akienda kwa basi anafika amekwisha nguvu, anamwogesha dada yake akiwa naye anahitaji kulazwa. Akienda na kigari anamwogesha, anamsuka, wanacheka, anarudi na uso wa binadamu.

Tatizo ni kwamba kigari hicho hicho kinachombana Baba, Mama kinampwaya. Klachi haifikii mpaka asogeze kiti mbele kabisa, na akisogeza, usukani unamgusa kifua. Boneti imemficha barabara, yeye anaona anga. Amechukua mto wa sebuleni anaukalia, lakini akifunga breki mto unateleza na yeye juu yake. Mkanda kwenye magari ya milango miwili umefungwa nyuma huko, mkono wake haufiki, basi anauvuta kwa mpini wa mwavuli. Ukishamfikia unampita shingoni.

Basi nyumba ikawa na vita vya kiti. Baba anakirudisha nyuma, Mama anakivuta mbele, na asubuhi nikiwa bado kitandani nasikia reli za kiti zinalia. Kisha wote wawili wananijia mimi. Mwambie mama yako. Mwambie baba yako. Ukubwa jalala, mdogo wangu, na jalala lenyewe limejaa.

Ndipo ikatokea ya mwuza mikate. Mama alikuwa na homa, Baba akatoka peke yake kumnunulia dawa, bila mtu wa kumsomea taa. Akaipita nyekundu. Mwuza mikate alikuwa anavuka na baiskeli yake. Baba alipomwona akafunga breki, mguu, hata bila kiatu, ukagusa na mafuta, gari likaruka mbele, baiskeli ikalala chini. Namshukuru Mungu, mwenyewe alichubuka kiwiko tu. Mikate ndiyo haikupona. Baba alimwinua, akamlipa mikate yake, kisha akaliacha gari pale pale, akarudi nyumbani kwa miguu, akajifungia chumbani.

Tuliyajua haya jioni, mwuza mikate alipobisha hodi kashika viatu vikubwa mkononi, akauliza kama hapa ndipo kwa mzee mrefu aliyeondoka pekupeku. Hakuja kugombana. Alisema mzee alikuwa anatetemeka sana, na yeye hakupenda alale bila kujua kwamba kiwiko kimefungwa na maisha yanaendelea. Mama alimkaribisha chai. Baba hakutoka chumbani.

Gari alilifuata kule fundi wa gereji ya hapa mtaani, alipeleke gerejini kwake. Yeye naye alipokivuta kiti apate kukaa, reli ikakatika. Ilikuwa imechoka kama mimi. Alitafuta kipuri kila mahali akakosa, akaja kutuambia anachoweza ni kukichomelea kiti kibaki mahali pamoja, kisirudi nyuma wala kwenda mbele tena. Akauliza kifungwe wapi.

Nilijaribu kusema kiuzwe tununue gari la kawaida la watu wa kawaida. Baba akanitazama utadhani nimesema tukuuze wewe. Akauliza mwanawe akija atakuta nini. Siku zikapita, kigari kimekaa gereji, Mama anakwenda kwa dada yake kwa basi na kurudi ameshika kiuno, Baba anashinda barazani. Wanasalimiana kwa adabu kama wageni. Afadhali wangegombana.

Nilikuwa nimeshajua itakavyokuwa. Baba hajaendeshwa na mtu maisha yake yote. Hata siku ya harusi yao alishika usukani mwenyewe, bibi harusi pembeni. Na mtu aliyekula chumvi nyingi barabarani huwezi kumwambia akae abiria. Nilimwonea Mama huruma, nikaanza kuhesabu siku zangu za mapumziko nione ni ngapi nitampunguzia kile kilima.

Ijumaa Baba akasema twende gereji, sote watatu. Fundi alikuwa na mashine yake tayari. Alipouliza tena, Mama akawahi kujibu, macho yakiwa kwenye mkoba wake: "Kifunge kwa mzee. Gari ni lake, mtoto alimnunulia yeye." Sauti yake ilikuwa ndogo mno. Baba akamwambia, "Kaa, Kisoda. Kaa fundi akuone."

Mama alidhani ni utani, akakaa. Baba akapiga magoti pale kwenye mafuta ya gereji, kwa suruali yake nzuri. Akapima kwa kiganja kati ya kifua cha Mama na usukani. Akamwambia akanyage klachi mpaka chini, mara moja, mara ya pili. Akaweka tairi mbele ya gari akamuuliza kama analiona, Mama akasema haoni. Wakamwinua na kipande cha chuma chini ya kiti, bado. Wakaongeza kingine. Mama aliposema sasa naliona, na meno yake nayaona, Baba akamgeukia fundi: "Funga hapo. Na mkanda umletee mbele, asihangaike na miavuli."

Mama akamuuliza, na wewe? Akajibu kwamba kiti cha abiria reli zake ni nzima, zinakwenda nyuma mpaka mwisho. Kisha akatoka kwenda kunawa mikono.

Tulirudi Mama anaendesha. Mimi nilikuwa nyuma, kule ulikosema kunatosha watoto wawili. Hao watoto sijui wa nani, mimi shingo inaniuma mpaka leo. Baba alinyoosha miguu kwa mara ya kwanza ndani ya gari hilo. Lakini mguu wa kulia ulikuwa unakanyaga zulia, kila kona, kila taa, unatafuta breki ambayo haipo. Mama aliona. Alikuwa anapunguza mwendo kabla mguu haujakanyaga.

Tulipofika nikamsaidia Mama kufungua geti, akaingia ndani. Baba akabaki kwenye gari. Nilidhani amekwama, nikaenda kumfungulia mlango. Alikuwa analia. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata tulipomzika Bibi. Nikasimama pale nimeshika mlango kama mpumbavu, sijui niufunge au niuache. Akajifuta, akasema, "Usimwambie mdogo wako."

Nikamwahidi. Leo asubuhi ukapiga simu, ukauliza kama unavyouliza kila Jumapili, huku unacheka, "Mzee, bado unalikimbiza?" Hukuona wewe. Alisimama akashika meza, akakujibu kwa sauti ile ya zamani kwamba analikimbiza, linamtosha, watu wote mtaani wanamtambua. Mama akawa anakoroga chai isiyo na sukari. Ulipokata simu, Baba akachukua kitambaa akaenda kulifuta gari, na alikuwa ameshalifuta.

Mama Mkubwa anakusalimu, nywele zake zimesukwa vizuri mno. Wapwa zako wanakusalimu, wanadai viatu. Fundi anakusalimu, na mwuza mikate pia, ingawa hamjuani. Siku hizi anatuletea mikate mlangoni na Baba humwuliza kiwiko. Baba hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo salamu zake nazitoa mwenyewe.

Nakuomba jambo moja, na usinijibu kwa simu. Jumapili ijayo usimuulize kama analiendesha. Muulize walikwenda wapi. Atakuambia kwa Mama Mkubwa, atakueleza barabara ilivyokuwa, nani alimkatia nani njia, atasimulia mpaka vocha yako iishe, na hatalazimika kusema uongo hata neno moja.

Mwenyezi Mungu akutangulie mchana, akufunike usiku, akitoe hicho kikohozi kifuani mwako, na atupe siku ya kukupokea mlangoni sote tukiwa hai.

Ni mimi dada yako mkubwa, ninayekupenda hata nikiwa nimechoka.

Dada