Juu ya Hapo Hakuna Kingine

Mikindani, Jumapili

Nguma wangu,

Huku tu wazima. Mvua imenyesha sana, lakini banda la tanuri langu la vyungu halijavuja. Habari za Garsen na wanafunzi wako?

Chuo kimekubali, Nguma! Kwa sisi tunaofundisha sanaa za mikono, uzamili, huu nilio nao, sasa ndio shahada ya mwisho. Hakuna tena kuniambia nikatafute shahada ya uzamivu ndipo nihesabiwe mhadhiri kamili. Vyungu vyangu vya maonyesho vimetosha. Nilicheka peke yangu karakanani, mikono imejaa udongo.

Unakumbuka wazee wako walivyoleta posa, wakarudishwa na kadzama yao, ile pombe ya mnazi ya posa, haijaonjwa? Baba aliwaambia, "Ruth bado anasoma. Akifika mwisho wa masomo, rudini." Basi nikamwambia nimefika.

Akauliza, "Juu ya hapo hakuna kingine?"

"Hakuna, Baba."

Alipomaliza chai akauliza tena, "Hata ng'ambo?"

"Hata ng'ambo."

Tangu Mama afariki tunakula wawili tu, na yeye hagusi sahani mpaka nirudi kutoka kazini. Nami miaka yote hii nilidhani ni elimu aliyoipenda vile.

Leo asubuhi nimemkuta anafagia uwanja. "Waambie waje," akasema, "na mnazi uwe mtamu." Kisha, bila kunitazama, "Huko Garsen ni mbali?"

Njoo na wazee wako, Nguma. Na akikuuliza wewe, mwambie ni karibu.

Wako,
Ruth