Turubai la Jumamosi

Niko juu ya kiti sebuleni kwa mama mkwe, narudishia kiyoyozi chake nilichokifungua chote. Nisipokusimulia nitapasuka.

Kilikuwa hakipoozi tangu Jumamosi. Alitaka kumwita mkwe wake mwingine, yule injinia anayeniita fundi wa mtandaoni. Mimi nikajitia kimbelembele: "Mama, niachie mimi."

Unanijua, naenda hatua kwa hatua. Nikakagua rimoti. Nikaosha chujio. Nikafungua kifuniko, skrubu moja moja, huku nikimweleza. Yeye anajipepea na gazeti tu: "Enhe? Kumbe!"

Mchana kutwa!

Mwisho nikazunguka nyuma ya nyumba kuitazama mashine ya nje ya kiyoyozi. Imefunikwa turubai, gubigubi, haipati hata hewa. Turubai langu! Nililifunga mwenyewe Jumamosi nilipokuwa nikimpakia ukuta rangi, nikalisahau.

Nikarudi na sura ya daktari. "Mama, tatizo ni kubwa kidogo. Nitamaliza kesho." Nilipanga kulitoa kimyakimya.

"Sawa, baba. Ila anza na lile turubai. Kamba umezikaza mno, mimi zimenishinda."

Alijua! ALIJUA!

"Mama, mbona hukusema?"

"Si ndiyo nilitaka kumwita mwenzako aje afungue kamba? Ukasema nikuachie. Halafu ulikuwa unaeleza vizuri, mwanangu, nikaona vibaya kukukatiza."

Sasa giza linaingia na nusu ya kiyoyozi bado iko mezani. Nitamalizia kesho asubuhi. Amesema nisianze kabla hajanywa chai, asije akapitwa.