Baba Kanyolewa Ndevu, Kafukuzwa Sebuleni

Mpendwa Bi Henrietta,

Nakuandikia kwa hasira, na nakuomba unijibu kwenye safu yako ya gazeti kabla ya Jumatano, maana Jumatano jioni ni mechi ya saba, na mambo yakiachwa yaende yanavyokwenda basi baba yangu mzazi atasafirishwa kama gunia la viazi hadi shambani kwa shangazi Nettie, ambako hakuna hata televisheni, eti asiitie timu nuksi.

Baba yangu ni Metro Kozushka, hapa Yorkton wengi wanamjua, na ameishabikia timu yetu ya Korongo tangu walipoanza kucheza hoki ya barafuni, enzi hizo anasikiliza mechi kwenye redio ya trekta, na miaka yote hiyo Korongo hawajachukua kombe hata mara moja, wamefika fainali mara mbili wakarudi mikono mitupu, na mama yetu amekufa bila kuliona. Mwaka huu wamefika tena. Mtoano ulipoanza wanaume wa nyumba yetu waliweka wembe chini kama wanaume wa kila nyumba, kwa sababu ndevu za mtoano hazinyolewi mpaka timu itolewe au ibebe kombe, na baba naye akaziachia, zikamtoka nyeupe pe, akawa anazichana kila asubuhi utadhani bwana harusi.

Fainali ni mechi saba na anayefikisha ushindi wa nne ndiye bingwa, sasa Korongo wakashinda ya kwanza, wakashinda ya pili, wakashinda ya tatu! Kaka zangu Darrell na Myron walikuwa wanakuja kila mechi na bia zao, mimi nawapikia pirogi, vile viandazi vyetu vya viazi, kila mtu anakaa kwenye kiti chake kilekile, baba katikati, na hakuna aliyethubutu kulitamka neno kombe. Halafu baba akabanwa na kifua. Tukamkimbiza hospitali, kumbe ni moyo, na nesi alipoona barakoa ya oksijeni haimkai vizuri usoni kwa sababu ya zile ndevu, akachukua wembe akazinyoa zote. Baba hakuwa na nguvu hata ya kusema neno. Alipozinduka na kujishika kidevu alilia, Bi Henrietta, na hakuuliza habari za moyo wake, aliniuliza, "Larysa, vijana wanajua?"

Jioni hiyohiyo, mechi ya nne, Korongo wakafungwa mabao matano kwa bila. Baba akaruhusiwa kurudi nyumbani, akaitazama mechi ya tano akiwa kwenye kiti chake, wakafungwa tena, katika muda wa nyongeza, kile kisahani wanachopiga badala ya mpira kikampita kipa wetu katikati ya miguu. Hapo Darrell akasimama, mtu mzima, fundi wa mabomba anayeheshimika mji mzima, akamnyooshea baba kidole mbele ya pirogi zangu.

"Baba, samahani, lakini ni wewe. Tulikuwa tatu bila, ukanyolewa, sasa ni tatu mbili."

"Si amenyolewa na nesi!" nikamwambia. "Alikuwa hapumui!"

"Angekataa."

"Angekataaje na barakoa mdomoni, mpumbavu wewe?"

"Angetikisa kichwa," Myron akadakia huku anatafuna.

Mechi ya sita wakamtoa sebuleni. Sebuleni kwake! Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, televisheni aliyoinunua mwenyewe, wakamweka gereji kwenye kiti cha kukunja, kati ya gari na mashine ya kuondolea theluji, na simu wakamnyang'anya asije akachungulia matokeo. Nilimpelekea blanketi na chai, nikamkuta ameegemeza sikio ukutani. "Usiniambie," akasema. "Mimi najua. Kelele zikipanda polepole, tumekaribia goli lao. Zikikatika ghafla, wamefunga wao." Nikakaa naye kidogo, na kweli kelele zikakatika ghafla, nikaona mabega yake yanashuka. Korongo walifungwa mabao matatu kwa mawili. Sasa mechi ni tatu kwa tatu.

Unadhani wanawe waliona aibu? Myron akasema gereji imeshikana na nyumba, ukuta ni mmoja, kwa hiyo nuksi imepenya! Ndipo wakaamua Darrell ampeleke kwa shangazi Nettie Jumatano mchana, mbali kabisa, na amrudishe Alhamisi. Hivi ndivyo wanaume wenye akili zao wanavyomfanyia mzee wao?

Na kinachonimaliza ni baba mwenyewe. Nilipomwambia tuwakatalie alisema, "Waache, binti yangu. Na mimi nataka tushinde." Begi lake ameshalifunga, liko mlangoni. Daktari alituambia, mimi na yeye tu, kwamba moyo ule tusiutegemee kufika msimu ujao wa hoki, na baba akaniapisha nisiwaambie kaka zangu mpaka fainali iishe, asiwaharibie raha yao. Nami nimeapa. Usiku silali kwa sababu najiuliza, nikimng'ang'aniza akae kisha Korongo wafungwe, si atakufa akiamini ni yeye aliyewafunga? Na nikimwacha aende, nitajitazamaje kwenye kioo? Nimefikiria hata kwenda kuzima umeme wa nyumba nzima mechi ikianza, tukose wote. Niambie nifanye nini. Na majina yaache kama yalivyo, nataka wayaone.

Larysa Kozushka, Yorkton

*

Larysa,

Usiguse umeme. Ukizima umeme Yorkton usiku wa mechi ya saba, majirani watakuja na tochi kukutafuta, na mimi nitakuwa miongoni mwao.

Pole sana, mwanangu. Una haki ya kukasirika, na nilipofika pale pa gereji hata mimi nilisukuma kikombe changu cha kahawa pembeni. Mzee ametoka hospitali anawekwa na mashine ya theluji! Lakini nikuseme na wewe kidogo. Kaka zako walipomtoa sebuleni, wewe ulifanya nini? Ulimpelekea blanketi. Ukachemsha chai. Ungemshika mkono ukamrudisha kwenye kiti chake, nani angekuzuia? Myron, na mdomo umejaa pirogi ulizozipika wewe? Unafoka vizuri sana kwenye karatasi. Ulipaswa kufoka sebuleni.

Kuhusu nuksi, sitamcheka mtu. Navaa soksi zilezile tangu mtoano uanze na mume wangu amehamia chumba cha wageni. Kwa hiyo nitasema kama shabiki. Mila yetu inamkataza mtu kunyoa. Haijawahi kumkataza mtu kupumua. Na iko mila nyingine ambayo kila mtoto wa hapa anaijua: timu ikiwa inashinda, hakuna anayehama kiti. Korongo waliposhinda mechi tatu, mzee Metro alikuwa amekaa wapi? Katikati ya sebule. Nani amemhamisha? Wanawe wenyewe! Mechi ya sita hakuwepo mbele ya televisheni, na mkafungwa. Kama kuna watu waliotia gundu nyumba hiyo, wana ndevu hadi kifuani na wanakunywa bia kwenye sebule ya baba yao.

Unaogopa Korongo wakifungwa baba yako atajilaumu. Atajilaumu kwa shangazi Nettie pia, tofauti ni kwamba huko atajilaumu peke yake gizani, hajui hata ni mabao mangapi. Akiwa nyumbani utakuwepo wa kumwambia, "Baba, kipa ameachia kisahani kipite katikati ya miguu, wewe umehusikaje?" Ukimwambia huku umemshika mkono atakusikia. Na usimbebe kama mtoto. Anajua daktari alisema nini, na bado amefunga begi ili wanawe wafurahi. Hiyo si nuksi, huo ni upendo, na ninyi watatu mmeuacha ukae gereji.

Sasa kile kiapo. Uliapa kutowaambia kaka zako, halafu ukaniandikia mimi, kwenye gazeti linalosomwa kila meza ya kifungua kinywa hapa Yorkton, ukaniambia niyaache majina. Umefanya ujanja, Larysa, usijidanganye. Nilikupigia simu kabla ya kuchapisha nikakuuliza kama una hakika. Ukasema, "Chapa." Basi nimechapa. Leo hiihii, kabla hajaliona gazeti, nenda ukamwambie baba yako kwamba umevunja kiapo chako, na umwombe radhi. Atakasirika. Vumilia.

Darrell na Myron, najua mmeshamaliza ukurasa wa michezo na mmefika hapa. Mmeyasoma. Sitawatukana, dada yenu ameshanisaidia. Darrell, lile begi lililoko mlangoni lirudishe chumbani kwa mikono yako mwenyewe, na usimwachie Larysa kazi hiyo. Myron, mrudishie mzee simu yake. Jumatano kiti chake kiwe katikati kama kilivyokuwa, na mmoja wenu akae chini kwenye zulia, karibu na magoti yake, ili bao likiingia, liwe letu au lao, mzee awe na bega la kushika. Korongo wanaweza kufungwa Jumatano. Wana msimu mwingine wa kujaribu, na mwingine baada ya huo. Mzee hana.

Na wewe, Larysa, kile kiti cha gereji usikitoe, wala blanketi. Yeyote atakayefungua mdomo kuhusu ndevu, akakae huko yeye, asikilize ukutani.

Bi Henrietta