Zamu ya Kuatamia

Jumamosi, katikati ya Julai. Nzuguni, Dodoma.

Upepo umevuma tangu alfajiri, ule wa Julai unaokausha midomo na kuingiza vumbi hata kwenye bakuli lililofunikwa. Nimevaa sweta, juu yake nimejitanda kanga, na bado miguu ni ya baridi. Moyo nao hauko vizuri, ila kwa hilo upepo hauna kosa.

Leo nimekosea. Nilikosea kwa huruma, na ndiyo maana inaniuma zaidi.

Nianze na wageni wangu. Nina njiwa wawili, jike na dume, na wana mwezi sasa hapa kwangu. Walikuwa wa Mama Neema, mwenzangu wa ofisini aliyekuwa akiishi Chamwino. Amepata uhamisho kwenda Tanga kumfuata mumewe. Tulimfanyia sherehe ndogo ya soda na keki, nikapiga makofi kuliko wote, kisha nikaenda chooni nikalia. Niliporudi nikasema ni vumbi. Dodoma hapa vumbi limetusitiri wengi.

Aliniachia njiwa pamoja na banda lao, kasha la mbao lenye wavu mbele, lililokuwa juu ya nguzo uani kwake. Tulilishusha wakiwa ndani, tukalipakia kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na njia nzima nikawa nageuka nyuma kuwatazama. Kabla hatujaagana akanishika mkono.

"Mwanaidi, usiwafungulie mpaka walee makinda hapo kwako. Njiwa akishalea mahali, hapo ndipo kwao. Ukiwahi, unajisumbua. Hasa huyu jike, kazaliwa humu kwangu. Dume nilimnunua Kibaigwa, huyo hana shida, anamfuata mkewe tu."

Nikamwambia nimeelewa.

Dume nimempa jina la Mwalimu, kwa jinsi anavyotembea kifua mbele kama anakagua mistari ya wanafunzi asubuhi. Jike sijampa jina. Mume wangu, Idrisa, ni mwalimu wa sekondari huko Masasi, kwa hiyo nadhani jina la dume halihitaji maelezo.

Tumeoana miaka minne, na ukijumlisha likizo zote hatujakaa pamoja mwaka mzima. Kuna vitu vyake humu ndani ambavyo bado viko jinsi alivyoviacha mwezi wa kwanza. Kandambili zake ziko nyuma ya mlango. Kikombe chake nakiosha kila Jumapili, ingawa hakuna aliyekitumia. Nikipika ugali bado nasonga wa watu wawili, nusu naumwaga.

Sasa tuna wiki tatu hatujazungumza. Tunatumiana ujumbe. Umeamkaje. Salama. Umeshindaje. Salama. Barua za masjala zina mapenzi kuliko sisi.

Tulichogombania ni hiki. Amepewa umakamu mkuu wa shule, akaukubali kabla hajaniuliza. Makamu mkuu hahamishwi kirahisi, hilo analijua. Nikamwambia basi aioe hiyo shule. Yeye akajibu sentensi moja, nikakata simu. Hiyo sentensi nitaifikia. Sijawa tayari.

Katika wiki hizo tatu ni njiwa walionipa cha kufanya. Asubuhi kabla ya kwenda kazini nawabadilishia maji, nawawekea mtama na uwele, na kando yake maganda ya mayai niliyoyatwanga. Nakwangua kinyesi. Nachungulia kama paka wa jirani amekwaruza wavu. Walipoanza kujenga kiota niliwapa vijiti, Mwalimu akavikataa vyote. Alichotaka ni chelewa za ufagio wangu, nikawa namchomekea kwenye wavu. Alizichukua moja moja, anampelekea mkewe, anasubiri aipange, kisha anarudi kuchukua nyingine. Sasa nafagia uwanja kwa kuinama mno, ufagio umebaki kishikio. Sijutii.

Mayai yakaja mawili, meupe. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwa nalijua hata kidogo, mimi niliyekulia Kondoa kwenye nyumba yenye kuku kila kona. Njiwa wanaatamia kwa zamu. Jike analala juu ya mayai usiku wote mpaka saa nne asubuhi. Saa nne dume anaingia, anamsogeza taratibu kwa bega, naye anatoka kwenda kula na kujinyoosha. Saa kumi jioni jike anarudi. Hawacheleweshani. Mwisho wa wiki nilikuwa navuta kigoda uani nikae nitazame wanavyopokezana, chai inapoa mkononi.

Nilikuwa nawaonea wivu. Naandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Leo saa nne, zamu ilipobadilika, jike alitoka kwenye kiota akaja kusimama kwenye wavu. Akatazama nje. Siyo mara ya kwanza, huwa anatazama upande ule ule, mashariki, ilipo Chamwino. Nikamtazama anavyotazama, nikamwonea huruma. Nikajiambia ana mayai humu, ataenda wapi? Azunguke tu angani kidogo, arudi.

Nikafungua.

Alizunguka mara mbili juu ya bati langu. Mara ya tatu hakugeuka. Alinyoosha njia kuelekea mashariki, akawa mdogo, kisha sikumwona.

Bibi Mwaja, jirani yangu, alikuwa anaanika mlenda upande wa pili wa ua. Kila asubuhi hunisalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, nami humwamkia shikamoo, kila mtu na lake na tunaelewana. Leo hakusalimu.

"Njiwa wako kaondoka?"

"Atarudi, bibi."

"Sisi tunavyojua, njiwa anaikimbia nyumba yenye ugomvi."

"Bibi, naishi peke yangu. Nitagombana na nani?"

"Ndiyo nakuuliza."

Akaendelea na mlenda wake. Nilikosa pa kujificha.

Nikakaa na kigoda changu. Saa sita, saa nane. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Saa kumi ikafika, saa ya jike kurudi zamuni, na angani hakukuwa na kitu isipokuwa mifuko ya plastiki inayopeperushwa. Mwalimu alikuwa bado amelala juu ya mayai. Alikuwa hajala wala kunywa tangu saa nne. Nilisogeza bakuli la maji mpaka karibu na mdomo wake. Hakuligusa, maana angelazimika kuinuka, na kwa upepo ule mayai yasingechukua muda kupoa. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anaweza kuondoka saa yoyote.

Nilimpigia Mama Neema. Hakunigombeza, akacheka kwa huzuni. "Yuko kwangu huyo. Yaani kwangu kule. Nenda na kopo lenye mtama ndani, uligonge kwa kijiko. Namwitaga hivyo."

Nikaenda Chamwino na kopo la maziwa, kijiko cha chai na boksi tupu. Ile nyumba ina mpangaji mpya, dada mmoja wa idara ya kilimo. Sikuwa nimemaliza kujieleza, akanionyesha kwa kidevu.

"Yuko pale tangu mchana. Nimemfukuza, hataki."

Alikuwa amekaa juu ya nguzo. Banda halipo, tulishalihamisha sisi wenyewe, imebaki nguzo tupu na misumari miwili. Amekaa hapo juu kwenye upepo, manyoya yanapinduka, anatazama chini, anageuka, anatazama tena. Alikuwa amerudi nyumbani na nyumbani hakupo.

Nililia mbele ya mtu nisiyemjua. Yule dada akaniletea kiti.

Niligonga kopo kwa muda mrefu. Jua lilikuwa linashuka na mimi nafikiria yule wa Nzuguni asiye na wa kumpokea. Mwishowe jike akashuka, akafuata mtama mpaka kizingitini, nikamtupia kanga. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye kiganja changu kwa haraka mpaka nikaogopa utasimama.

Nilifika kwangu giza linaingia. Nikamulika kwa simu. Mwalimu alikuwa pale pale, macho nusu yamefumba, mabawa ameyatandaza kidogo kufunika vizuri. Niliingiza jike, nikafunga. Wala Mwalimu hakumdonoa kwa hasira, nilidhani atamdonoa. Aliinuka, akayumba, akampisha. Jike akalala juu ya mayai. Mwalimu akaenda kwenye bakuli akanywa maji, akanywa tena, na mimi nimemshikia mwanga.

Hapo sentensi ya Idrisa ikanirudia, na leo naiandika.

Alisema, "Barua za uhamisho nimeandika tano, Mwana. Wewe umeandika ngapi?"

Hata moja.

Watu wote wanajua tumehangaikia uhamisho miaka mitatu. Ofisini nimesema, kwa mama nimesema, humu kwenye shajara nimesema mara nyingi: tumeomba, tumekataliwa, tumeomba tena. Ukweli ni kwamba aliomba yeye. Kwao ni Iringa, Dodoma hana ndugu hata mmoja, na miaka yote alikuwa tayari kuja kwa sababu mimi nipo. Mimi sikuwahi kuomba Masasi. Niko karibu na Kondoa, nikimkumbuka mama napanda basi asubuhi na adhuhuri tunakula pamoja. Nilitaka mume wangu na nilitaka kwetu, vyote viwili, na gharama ya kukosa nikamwachia yeye. Kisha alipochoka kusubiri akakubali kazi aliyopewa, nikamwita msaliti.

Nilimpigia baada ya kuswali magharibi. Alipokea mlio wa kwanza haujaisha. Nilikuwa nimejipangia maneno, yote yakapotea. Nikamwambia tu kwamba nina njiwa, jike aliyaacha mayai akatoroka, nimemfuata Chamwino nimemrudisha.

Akauliza papo hapo.

"Mayai yamepoa?"

"Hapana. Dume hakutoka."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

"Amekula?"

"Amekunywa maji."

Nikamsikia anavuta pumzi. "Na wewe, umekula?"

Sikuwa nimekula tangu chai ya asubuhi. Kwa wiki tatu jibu langu lilikuwa salama, na lilikuwa mdomoni tayari. Nikasema, "Nimekukumbuka, Idrisa. Nimekukumbuka mno." Basi, hatukusema ya maana tena. Alinisubiri kwenye simu nikipasha wali, nikala, naye akala kwake, kila mmoja anasikia kijiko cha mwenzake.

Sasa nimemaliza kuandika barua, iko hapa kando ya kompyuta. Yah: maombi ya uhamisho kumfuata mwenza. Nilipofika kwenye kituo ninachoomba niliweka kalamu chini. Masasi simjui mtu. Sijui mama nitamwambia nini, sijui ni siku ngapi za basi mpaka Kondoa, na najua nikifika huko kuna asubuhi nitakazosimama dirishani nitazame upande wa huku. Nimeandika Masasi. Sikumwambia Idrisa, nataka kwanza ipigwe mhuri wa kupokelewa. Nimeahidi vitu vingi kwa mdomo.

Njiwa sitawahamisha tena. Wakilea makinda hapa, watakuwa wa hapa, na nikiondoka nitamwachia Bibi Mwaja, ameshaanza kuuliza mtama wao unapatikana duka gani.

Jumatatu barua inaenda masjala. Kesho Jumapili kazi yangu ni moja, kuukaza ule wavu na kutia kitasa kipya kwenye mlango wa banda, maana mayai bado hayajaanguliwa na jike simwamini.

Simwamini kwa sababu namjua.